Daftari la Mpima Mvua

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, isipokuwa wifi yako ana kikohozi na amekinyima dawa, kwa sababu anasema kikohozi kikijua unakiogopa kinahamia kabisa. Binti yetu ameota meno yote ya ukubwani na ameanza kuyatumia kunijibu. Mimi bado niko na lifti zangu kumi na mbili za hospitali, naingia kwenye mashimo yake asubuhi na kutoka jioni nikiwa na grisi masikioni. Wiki iliyopita mkurugenzi alikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne kwa dakika arobaini. Nilipomfungulia akaniuliza mbona nimechelewa, nikamwambia nilikuwa napanda ngazi.

Nakuandikia barua wala sikupigii simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ukibanwa kidogo tu unasema mtandao mbaya, halafu unakata. Karatasi haina mtandao.

Jambo lenyewe ni dogo. Nataka daftari la Baba, lile kubwa la jalada la kijani ulilolichukua baada ya mazishi. Binti ana kazi ya shule kuhusu hali ya hewa, nami nimeshamtambia kwamba babu yake alipima mvua kituoni kwa miaka ishirini na sita, kila siku saa tatu kamili asubuhi, na kila siku akirudi nyumbani alinakili kipimo kwenye daftari lake mwenyewe na maneno mawili matatu pembeni. Ukurasa mmoja, mwezi mmoja. Sasa anataka kuliona kwa macho yake.

Kama ni zito kulituma, basi nitolee nakala ya mwaka ule niliotoka nyumbani. Kama nao ni mwingi, mwezi wa tano tu unatosha. Mwezi wa tano, Dada.

Msalimie shemeji. Mwambie koti lake bado ninalo na linanikaa vizuri kuliko lilivyomkaa yeye.

Mdogo wako


9 Machi

Mrefu wangu,

Salamu zimefika na nimezigawa. Shemeji yako mzima. Tangu astaafu amejiteua mkaguzi wa jiko, anafunua sufuria, anaguna, anafunika. Goti langu limepona. Kikohozi cha wifi kipewe dawa, nimesema mimi. Binti mwambie shangazi yake alikuwa na meno kama hayo na yalimponza. Usinilaumu kwa kuchelewa kujibu, siku hizi nina shughuli. Ndiyo, mimi. Nimeingia chama.

Kinaitwa Chama cha Vitabu vya Mkono. Tuko tisa. Tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana kwenye chumba kilicho juu ya duka la fundi viatu, chenye meza mbili ndefu na madirisha yasiyofunga, na harufu ya gundi yetu na ya kwake zinapishana kwenye ngazi. Tunatengeneza vitabu, kimoja kimoja, kwa mikono yetu. Si vya kusoma. Siku ya kwanza niliuliza vinasomwaje, na chumba kizima kikanionea huruma.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu, na mpaka leo akiingia anasita mlangoni kidogo ili tupate nafasi ya kusimama. Jumamosi tatu mfululizo ametuongoza kujadili kama ni lazima kitabu kiwe na kurasa. Tukapiga kura. Watano walisema kurasa ni mazoea tu, wanne tukasema ni lazima. Kwenye kumbukumbu za kikao ikaandikwa kwamba wanachama walikubaliana kwa kauli moja.

Yupo Daktari wa Meno, ambaye anatoboa matundu ya uzi kwa mashine yake ya kazini, na kabla ya kutoboa anaiambia karatasi itulie. Yupo Mama Gundi. Hilo ni jina la chamani, la nyumbani silijui. Anabandika kila kinachokaa mbele yake zaidi ya dakika tano. Kitabu chake cha mwaka jana kina miwani yake ndani, na bado hajaamua kama hiyo ni bahati mbaya au ni ujumbe.

Kushona hakuna anayejua. Hii ni siri, usimwambie mtu. Kila mmoja kwa wakati wake anashuka ngazi na kitabu chini ya nguo, anampa fundi viatu, na baada ya siku mbili anapanda nacho juu akisema ameshona kwa hisia. Fundi viatu mwenyewe aliwahi kuomba uanachama. Wakamkatalia. Walisema kazi zake zina kasoro moja, zinatumika.

Na mimi, niliyekaa maktaba miaka ishirini na minane nikiwakaripia watu kwa kukunja pembe za kurasa, sasa nina kisu changu mwenyewe chenye mpini wa mbao. Sijafurahi hivi tangu nistaafu, nakwambia ukweli.

Kuhusu daftari la Baba ondoa shaka, lipo mikono salama. Lakini binti achukue habari za mvua kwenye intaneti, wenzake wote ndivyo wanavyofanya.

Dada yako


30 Machi

Dada,

Salamu. Tu wazima. Wifi yako amekubali dawa baada ya kusomewa barua yako, maana wewe ukisema anatii na mimi nikisema anakohoa. Binti amepata tuzo ya usafi wa madaftari, sijui amerithi kwa nani.

Nimesoma kurasa tatu kuhusu chama chako na nimecheka mpaka lifti namba saba ikanisubiri. Kuhusu daftari nimepata mistari miwili. Kwenye mistari hiyo miwili sikuona neno "nyumbani" wala neno "kabatini". Nimeona "mikono salama".

Mikono ya nani?

Usinizungushe, Dada. Nimefanya kazi na mashine miaka ishirini na mbili, nasikia kitu kikigonga pasipotakiwa. Na hizo habari za mvua za kwenye intaneti hazina maneno ya pembeni ya Baba.

Nijibu upesi.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama na mmeshiba. Sisi tu wazima. Shemeji yako amefungua sufuria ya maji ya moto akaguna vilevile, ndipo nikajua haoni kilichomo, anaguna tu. Jirani amejifungua mapacha na wote wawili wanafanana na mwenye nyumba wake, lakini hayo hayanihusu.

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana. Kwa hiyo nakuambia moja kwa moja kabla sijachana hii nayo: daftari la Baba nimelikata.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, halafu ndipo unitukane. Chama kina siku yake kubwa mara mbili kwa mwaka, inaitwa Siku ya Kufumua. Kila mtu analeta kitabu cha zamani, anakata uzi wake, na karatasi zote zinagawiwa kwa wanachama kama karata. Hakuna anayetengeneza kitabu kwa karatasi zake mwenyewe tu. Mwenyekiti anasema huo ni ubinafsi. Na si kila kitabu kinapokelewa. Lazima kiwe kitabu chenye maumivu.

Mimi Januari nilipeleka kitabu cha namba za simu cha zamani. Mwenyekiti akakipima mkononi kama nyanya ya sokoni, akatikisa kichwa. "Mama," akaniambia, "hiki hakina maumivu." Nikatazama wenzangu. Mama Gundi alikuwa na daftari la mapishi la mama mkwe wake. Daktari wa Meno alileta kitabu cha wagonjwa wake wa miaka kumi, maumivu matupu kuanzia ukurasa wa kwanza. Watu wazima tisa ndani ya chumba, na mimi peke yangu ndiye sikuwa na maumivu. Nikaona haya, nikashuka ngazi, nikaenda nyumbani mbio, nikarudi na daftari la kijani.

Mwenyekiti akalifungua katikati, akaona namba chini ya namba, akafumba macho. "Mzee huyu," akasema, "alikuwa akihesabu machozi ya mbingu." Baba yetu huyo! Baba aliyekuwa akituambia mvua ni milimita na kelele nyingine zote ni za watu wasio na kipimo. Nilipaswa kucheka. Badala yake nikapigiwa makofi, na makofi yakanikolea, maana tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Uzi niliukata mimi mwenyewe. Karatasi mia moja hamsini na sita. Kila mtu kumi na saba, na tatu zilizobaki zikapigiwa kura.

Nilipopata barua yako ya kwanza nikaanza kuzifuata. Daktari wa Meno amezitoboa za kwake, mwaka mzima wa mvua kubwa sasa unapitisha mwanga. Mama Gundi amezibandika mgongo kwa mgongo, na ukizisugua kwa mvuke zinaachana na kukutemea mate. Mwanachama mmoja amezifukia kwenye chungu cha maua ili, anasema, udongo umalizie kuandika. Nikazifukua akiwa kazini. Mpaka leo nina karatasi mia moja na tisa. Mwezi wa tano wa mwaka wako haumo.

Na nikwambie la aibu kuliko yote. Sikuwahi kulisoma. Nimekaa na vitabu vya watu maisha yangu yote, cha baba yangu sikukifungua hata siku moja. Nilijua ni namba. Kama ningekisoma nisingepata moyo wa kukata ule uzi.

Nisamehe. Lakini wewe nawe niambie ukweli, mbona unautaka mwezi mmoja tu?

Dada yako


2 Juni

Dada,

Salamu kwa shemeji. Huku wazima.

Nilikaa na barua yako siku tisa bila kuijibu, kwa sababu kila nilipokaa kukujibu nilijikuta naandika matusi, na wewe ni mkubwa wangu. Wifi yako ananiambia nisikukasirikie. Ameipenda habari ya chungu cha maua. Mimi siipendi. Umekata miaka ishirini na sita ya mtu kwa sababu ya makofi ya watu wanane, Dada. Nimekasirika, nimeumia, na nakuambia hivyo ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Hakuna kazi ya shule. Binti anasoma mambo ya mimea.

Ninachotaka ni tarehe kumi na tisa ya mwezi ule. Ndiyo siku niliyoondoka. Wewe ulikuwa umeshaolewa, hukuwepo. Unajua tuligombana kwa sababu alitaka nirithi kipimo chake na mimi nilitaka kwenda kujifunza lifti. Jambo usilolijua ni alichoniambia jioni ya kuamkia safari, mbele ya Mama: "Saa tatu mimi niko kwenye kipimo. Anayeondoka njia anaijua." Basi langu liliondoka saa tatu.

Baada ya hapo tulizungumza kwenye simu kila mwezi kwa miaka kumi na moja. Aliniambia mvua ya kwao, nikamwambia mvua ya huku. Halafu akafa, na mimi nikafika siku mbili baada ya kuzikwa. Kwa hiyo nataka kujua siku ile aliandika nini pembeni. Kama alinilaani nataka kuliona hilo neno. Kama hakuandika kitu, nataka kuona hapo palipo patupu.

Usiniulize zaidi ya hayo. Tafuta hiyo karatasi.

Mdogo wako


20 Julai

Mrefu wangu,

Salamu kwa wifi, na kwa mwanasayansi wa mimea. Shemeji yako anakusalimu, anasema koti limekuwa lako sasa, usilirudishe. Tu wazima, ila mkono wangu wa kulia una jeraha dogo, na utajua sababu.

Karatasi ninayo. Soma kwanza nilivyoipata, maana nimestahili angalau hilo.

Mwezi Juni ulipokwisha nilikuwa na karatasi zote kasoro moja, na aliyebaki ni Mwenyekiti. Za kwake kumi na sita alinipa bila shida, hakuwa ameziamulia. Ya kumi na saba ilikuwa ndani ya kazi yake kuu, ile ya maonyesho. Anaiita "Ukimya wa Tano". Nikamuuliza ule wa kwanza mpaka wa nne uko wapi, akasema swali hilo ndilo la sita. Ni kitabu kilichoshonwa pande zote nne na kupakwa vanishi mara kumi na moja, kimekuwa kigumu kama kigae, hakifunguki. Nikamwomba anitolee karatasi yangu.

"Mama, hiyo karatasi sasa haipo wala haikosekani," akanijibu.

"Mwalimu, ipo. Umeishona ndani."

"Inawezekana. Na inawezekana nimeshona hewa. Hapo katikati ndipo kazi inapoishi."

"Uliisoma kabla ya kuishona?"

Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekuja bila kalamu. "Mimi sisomi, mama. Kusoma kunaharibu."

Nikapeleka suala langu kwenye kikao. Nikasema ni karatasi ya marehemu baba yangu na mdogo wangu anaihitaji. Wakajadili saa mbili. Mama Gundi alilia, kisha akapiga kura dhidi yangu. Wakaamua kwamba machungu yangu yanaongeza thamani ya kazi, na kwamba yaandikwe kwenye kikadi kitakachokaa pembeni yake.

Nikashuka ngazi. Fundi viatu alikuwa anabandika soli. Hakuniangalia, alisema tu, "Ile ya vanishi nilishona mimi."

"Najua. Haifunguki."

"Vanishi iko juu ya uzi, haiko ndani ya uzi. Mgongoni, chini kabisa, nimefunga fundo moja kubwa, nililifanya hivyo kwa sababu alinihangaisha. Ukikata hapo zote zinaachia. Kile kisu chako cha mpini wa mbao hakifai. Chukua hiki changu."

Maonyesho yalikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Vitabu vyote juu ya meza, na kila aliyeingia akapewa glovu nyeupe mlangoni na tangazo kwamba haruhusiwi kugusa. Wageni walikuwa kumi na wanne, wanane kati yao ni waume na wake zetu. Shemeji yako alivaa glovu akaguna mbele ya kila kazi, na watu wakamdhania mjuzi. Mgeni rasmi, bwana wa ofisi ya utamaduni, alikaa kiti cha mbele na kusinzia kabla ya hotuba ya tatu. Mwenyekiti akasimama kueleza "Ukimya wa Tano". Alipofika kwenye machozi ya mbingu, miguu yangu ikanipeleka yenyewe. Nikakiinua kitabu, nikatafuta lile fundo kwa kidole gumba, nikakata.

Kikaachia kwa kishindo, kama mlango unaopigwa teke. Vanishi ikaruka vipande, kimoja kikanichana mkono. Nikajua nimeshafukuzwa, na kwamba huenda nikapelekwa polisi na glovu zangu nyeupe.

Wakapiga makofi! Mgeni rasmi ndiye aliyepiga kwa muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza anaamka na hakutaka kuonekana amepitwa. Mwenyekiti alinitazama, akawatazama wao, halafu nakuapia aliinama kushukuru. "Sasa," akasema, "kazi imekamilika." Mpiga picha akaniomba nirudie kukata, maana mara ya kwanza hakuwa tayari. Nimepewa cheti. Wanataka niwe makamu mwenyekiti. Fundi viatu ameendelea kukataliwa.

Nilitoka na karatasi yetu nikakaa kwenye ngazi, nikaisoma palepale. Naiweka ndani ya bahasha hii, lakini nakunakilia isije posta nao wakatengeneza nayo kazi yao. Tarehe kumi na nane: "Milimita 22. Radi. Nyumbani maneno mengi." Tarehe ishirini: "Milimita 4. Mama yake hali chakula." Na ya kumi na tisa, mdogo wangu, hii hapa yote:

"Mvua haikupimwa. Nilikwenda stendi kumuaga kijana. Basi lilikuwa limeshatoka."

Haikupimwa! Nimepekua karatasi zote mia moja hamsini na sita, nimesoma sasa, kila mstari. Siku aliyozikwa Bibi alipima. Siku aliyolazwa na malaria alibebwa na jirani akapima. Mahali pengine ameandika kwamba mwenzake kazini alichelewa dakika tano akaandika kipimo hivyohivyo, na Baba akakataa kusema naye mwezi mzima, kwa sababu kipimo cha saa tatu na dakika tano ni uongo. Hiyo tarehe yako ndiyo pekee isiyo na namba. Na nimekumbuka kitu: mwaka ule ofisi ilimwandikia barua ya onyo. Mama alimuuliza sababu, akajibu ni mambo ya kazi tu.

Alikuja, Mrefu. Alikukosa kwa dakika chache tu. Miaka yote hii umembebea kinyongo mtu aliyekukimbilia. Lia kidogo, halafu uwe na amani.

Dada yako


15 Agosti

Dada,

Salamu kwako na kwa shemeji mjuzi. Wifi yako hajakohoa mwezi mzima. Binti ameotesha maharage kwenye kikombe changu cha chai, naye anakushukuru kwa salamu. Nakupongeza kwa cheti. Usikubali umakamu mpaka fundi viatu aingie.

Karatasi imefika Jumanne. Niliisomea ndani ya shimo, nimekaa juu ya lifti namba nne, mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Hasira yangu kwako imekwisha, na daftari usilisikitikie tena. Pale ulipoandika niwe na amani nimeparudia mara nyingi. Sasa nakujibu ulichoniuliza mwezi wa tano, kwa nini mwezi mmoja tu.

Asubuhi ile kulikuwa na mabasi mawili ya kuja huku, la saa moja na la saa tatu. Nilikata tiketi ya saa tatu makusudi, ili nipate cha kumlaumu. Nikakaa dirishani. Utingo alikuwa bado yuko juu anafunga mizigo. Nikamwona Baba anaingia getini anakimbia, kofia mkononi, tope mpaka magotini. Akatazama basi la kwanza, la pili, akafika letu, akaja kusimama chini ya dirisha langu. Tulitazamana, Dada. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Akainua mkono wake, na mimi nikavuta pazia.

Basi lilikaa dakika kumi nyingine. Sikulifungua lile pazia. Tulipoondoka sikugeuka, kwa hiyo sijui alisimama pale mpaka lini.

Hicho ndicho ambacho sijamwambia mtu, hata wifi yako. Kila mwezi kwenye simu nilimsubiri akitaje, na kila mwezi aliniambia milimita. Nikadhani amekiandika. Nikadhani kipo kwenye daftari lile, pembeni ya tarehe kumi na tisa, na kwamba siku moja wewe utalifungua na kusoma mimi ni mtoto wa namna gani. Ndiyo maana niliutaka ukurasa ule mikononi mwangu, nikiuomba na kuuogopa.

Na yeye, aliyemnunia mwenzake mwezi mzima kwa ajili ya dakika tano, akakaa chini siku ile ile, akachukua kalamu, akaandika kwamba basi lilikuwa limeshatoka.

Basi lilikuwa halijatoka, Dada.

Mdogo wako